Mzee Honi Aenda Kuomba Ukurugenzi wa Njia za Basi

Mheshimiwa alifika kijiweni mbio mbio, pumzi juu juu, karatasi kaishika kwa mikono miwili. Kabla hajapewa hata nafasi ya kukaa akaanza kusoma kwa sauti ile ile anayoombea kura.

"Tangazo la kazi! Shule inatafuta kiongozi mzoefu atakayepanga njia za mabasi ya wanafunzi. Cheo, Mkurugenzi wa Njia. Awe na uzoefu usiopungua miaka kumi. Awe mwadilifu. Awe na maono."

Fundi Soli akatema misumari mitatu kiganjani. "Maono? Dereva wao hata miwani hana, leo wanataka maono!"

"Na usaili ni lini?" akauliza Bi Birika, huku akimimina kahawa bila kuangalia kikombe, maana mkono wake unajua wenyewe pa kusimama.

"Leo. Saa sita kamili."

"Karatasi umeipata wapi?"

"Ilikuwa imebandikwa geti kuu la shule."

"Kwa hiyo umeibandua."

"Nimepunguza ushindani," Mheshimiwa akasema, akakaa.

Wajueni watu hawa mapema, msije mkadhani mnasikiliza bunge. Fundi Soli anashona viatu, na kibanda chake ndicho kinachowapa kivuli wengine wote. Mheshimiwa aligombea udiwani mara tatu. Mara ya mwisho alipata kura kumi na moja, na nyumbani kwake wanaishi wapiga kura kumi na wanne. Bi Birika anauza kahawa, na haulizi swali asilolijua jibu lake. Wa nne ni Mzee Honi, aliyeendesha gari la mikate miaka ishirini na sita, na kwa kupiga kelele juu ya injini muda wote huo, mpaka leo akikunong'oneza siri mtaa wa pili wanaitika. Wote wanakaa benchi moja refu, migongo wameegemeza kwenye geti kuukuu la chuma, kwenye ukuta wa nyuma wa shule hiyo hiyo.

Asubuhi ile Mzee Honi alikuwa kimya, jambo ambalo kwa kawaida lingetosha kuitiwa daktari. Kupanga njia! Kuna mtu mwingine duniani aliyezaliwa kwa kazi hiyo?

"Wewe Honi," Fundi Soli akamgeukia, "hii si kazi yako kabisa?"

"Mimi nilibeba mikate," akanguruma, akijifanya hataki.

"Mikate na watoto tofauti yake nini? Vyote vinatoka alfajiri vikiwa na joto, na vikichelewa akina mama wanapiga kelele."

"Na usipovipanga vizuri vinakandamizana," Mheshimiwa akaongeza.

"Mkate haukojoi kwenye kiti," Bi Birika akasema.

"Maduka sabini na mawili!" Mzee Honi akalipuka, vikombe vikatetemeka mezani. "Sabini na mawili kila alfajiri! Hakuna duka hata moja lililofungua mlango nikawa sijafika! Na mnajua siri yangu? Usipeleke gari mahali ambapo miguu inafika. Yule mwenye duka jirani na tanuri nilimwambia, ndugu yangu, njoo na kapu lako. Nikaokoa robo saa nzima!"

"Msikieni! Huyo ndiye mkurugenzi!" Fundi Soli akapiga kiatu cha watu kwa nyundo, pa, kwa furaha, mahali pasipohitaji kupigwa.

Lakini Mzee Honi hakuwa anawaza cheo peke yake. Alikuwa na mjukuu darasa la pili katika shule hiyo, mtoto wa binti yake anayefanya kazi ya zamu hospitali, kwa hiyo kumwandaa mtoto ilikuwa kazi ya babu. Sasa sikieni maajabu. Basi la shule hulala nyumbani kwa dereva, mtaa huu huu. Kwa hiyo alfajiri huanza kubeba watoto wa hapa, saa kumi na moja kasoro robo, halafu linazunguka mji mzima, linapanda, linashuka, linarudi, na kufika shuleni saa moja na robo. Mtoto anayekaa nyuma ya ukuta wa shule anasafiri saa mbili na nusu kuufikia upande wa pili wa ukuta huo. Jioni ni kinyume chake: wa kwanza kupanda, wa mwisho kushuka.

Miaka miwili babu anaamka saa tisa na nusu kubandika maji ya kuoga. Mtoto anasinzia akipiga mswaki. Siku moja alivaa sare juu ya nguo za kulalia na hakuna aliyegundua mpaka saa ya michezo. Kwenye ripoti ya muhula uliopita mwalimu aliandika, "Ana nidhamu hata akiwa usingizini." Mzee Honi alipoisoma alicheka, halafu akaenda nyuma ya nyumba akajifuta macho. Ameandika barua shuleni mpaka kalamu imemchoka.

"Nikipata kazi hii," akasema, safari hii taratibu kiasi kwamba ilisikika nyumba tatu tu, "kitu cha kwanza ni mtoto yule alale."

"Utaipata," Mheshimiwa akasema. "Ila uzoefu wa gari peke yake hautoshi, mzee. Kuna kujibu. Ngoja tukufanyie mazoezi."

Wakamsimamisha mbele ya benchi. Fundi Soli akawa mwenyekiti wa bodi, kwa kuwa ndiye mwenye aproni. Mheshimiwa akawa mtaalamu. Bi Birika akaambiwa awe mwalimu mkuu, akasema yeye ana wateja, lakini wakimhitaji yupo.

"Mzee," Fundi Soli akakunja uso, "mabasi yetu yanachelewa. Utafanya nini?"

"Nitaondoa vituo vya kijinga!"

"Aaa! Umeshafeli!" Mheshimiwa akaruka. "Umetoa jibu!"

"Si nimeulizwa?"

"Ndiyo, lakini mkubwa hajibu hivyo! Mkubwa anashika kidevu, anatazama dari, anasema, jambo hili linahitaji utafiti wa kina. Hebu sema."

"Jambo hili linahitaji utafiti wa kina."

"Usipige kelele, unautisha utafiti. Wakikubana zaidi, unawaambia utaunda kamati. Wakikubana tena, kamati ndogo. Honi, ndugu yangu, ukilimaliza tatizo watakulipa mshahara wa nini? Tatizo la kazi linalelewa. Linanyonyeshwa, linaota meno, linasomeshwa. Likioa, wewe unastaafu."

Bi Birika akacheka mpaka kahawa ikamwagika, na kahawa yake kumwagika ni habari ya kuandikwa gazetini.

"Swali la pili," Fundi Soli akaendelea. "Kuna mtoto anakaa hapa nyuma ya shule, na ndiye anayepanda basi wa kwanza. Kwa nini?"

Hapo Mzee Honi akasahau mazoezi. "Kwa sababu mmelala! Huyo hahitaji basi! Huyo na wenzake wote wa mtaa huu, watoto thelathini na wanane, wanahitaji kupita tu hapa!" Akanyoosha mkono katikati ya vichwa vya wenzake, akaligonga geti kwa kiganja. Gwaa! Kutu ikamwagikia Mheshimiwa kolani.

Wenzake wakainua migongo. Wakageuka polepole kulitazama lile geti, wote watatu, kama watu waliogundua kwamba mto waliolalia usiku kucha una macho.

"Hili linafunguka?" Mheshimiwa akauliza.

"Geti ni geti," Bi Birika akasema. "Si picha."

"Lakini limefungwa tangu walipojenga ukuta."

"Ukuta ulikwisha lini?" akauliza Bi Birika.

Ukuta ulikwisha miaka miwili iliyopita, wakashangilia, na siku hiyo hiyo wakaleta benchi.

Fundi Soli ndiye aliyeshtuka kwanza. "Honi, nisikilize. Hilo usilitamke huko. Naapa, usilitamke. Ukisema fungueni geti, basi halina haja ya kuja huku. Basi lisipokuja huku, hakuna njia ya kupanga. Kusipokuwa na njia, hakuna mkurugenzi."

"Na watoto thelathini na wanane wakipita hapa," Mheshimiwa akaongeza kwa uchungu wa kweli, "sisi tunakaa wapi? Kivuli kama hiki kiko wapi tena mtaa huu? Kwa neno moja utajinyima kazi na utatunyima sisi kijiwe! Usiache mbachao kwa msala upitao!"

"Chukua kazi kwanza," Fundi Soli akamwambia. "Ukishakaa kitini, baada ya miaka mitatu, unaligundua geti kwa utafiti."

"Miaka mitatu mtoto atakuwa darasa la tano," Bi Birika akasema, akasuuza kikombe.

Mzee Honi akavaa koti. Akaondoka akirudia chini chini: utafiti, kamati, kamati ndogo. Chini chini yake ilisikika kijiweni mpaka alipopinda kona.

Kwenda geti kuu ni kuzunguka ukuta wote na kufuata barabara kubwa, mwendo wa nusu saa na malori yanakupulizia vumbi. Alifika saa sita kasoro dakika moja, kama mkate. Mlango wa ofisi ulikuwa umeandikwa MKURUGENZI WA NJIA kwa rangi mbichi. Akausukuma kwa bega, akaingia na herufi tatu kwenye koti. Ndani kulikuwa na mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye uso wa uchovu. Mwenyekiti wa bodi, bwana mnene mchangamfu. Na kijana mtaalamu mwenye kompyuta. Ukutani waliangaza ramani yenye mistari ya rangi saba, imesukana kama uzi aliochezea paka. Kando, kwenye mfuko wa nailoni ambao haujatolewa, kulikuwa na kiti kipya cha kuzunguka.

"Karibu mzee wetu," mwenyekiti akasema. "Kwa kweli tulitegemea waombaji wengi, lakini sijui kumetokea nini, umekuja peke yako. Uzoefu wako?"

"Miaka ishirini na sita!"

Mtaalamu akaziba sikio moja. "Mabasi yetu yanachelewa. Ungeanzia wapi?"

Mzee Honi akashika kidevu, akatazama dari. "Jambo hili linahitaji utafiti wa kina."

Mwenyekiti akamtazama mtaalamu, mtaalamu akamtazama mwenyekiti, wakatabasamu kama watu waliokutana na ndugu yao aliyepotea. Wakaandika.

"Na madereva wakipinga?"

"Nitaunda kamati."

"Na kamati ikishindwa?"

"Kamati ndogo."

"Huyu mtu alikuwa wapi siku zote?" mwenyekiti akashangaa. Akakivuta kile kiti kipya karibu kidogo, kionekane.

Mzee Honi akajisikia mkubwa. Loo! Aliwaza jina lake mlangoni, aliwaza akizunguka kitini, kulia, kushoto, simu inalia. Kumbe ukubwa ni rahisi hivi!

"Swali la mwisho," mwalimu mkuu akasema, akafungua faili. "Tuna mlezi mmoja msumbufu sana. Ameandika barua tisa. Anasema mtoto wake anakaa nyuma ya shule na anaamshwa saa kumi alfajiri."

Mzee Honi akautambua mwandiko wake.

"Mtaalamu wetu amefanya hesabu kwa wiki sita," mwenyekiti akasema kwa fahari. "Tukibadilisha rangi ya njano iwe ya bluu, mtoto ataweza kuamka saa kumi na dakika saba."

"Dakika saba," Mzee Honi akarudia.

"Kwa awamu ya kwanza," mtaalamu akasema. "Sasa mzee, wewe ukiwa mkurugenzi, mlezi huyu utamjibu nini?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni. Maneno sita tu, aliyafanyia mazoezi, na kiti kile kinazunguka. Akafungua mdomo kusema utafiti. Akamwona mjukuu wake amesimama bafuni na mswaki mdomoni, macho kayafumba, anayumba kama mlevi, na bado anamwambia, babu, nimeamka, usinikemee.

"Fungueni geti la nyuma!" Vioo vya dirisha vikalia. "Fungueni geti la nyuma! Toka nyumbani kwangu mpaka kwenye geti ni hatua mia mbili na arobaini, nimezihesabu, na mimi nina goti bovu! Watoto thelathini na wanane watakuja kwa miguu! Basi lianze kule juu, lishuke moja kwa moja, saa nzima mmeiokoa! Na barua zile niliandika mimi, na ya kumi ninayo nyumbani!"

Kompyuta ikazima taa yenyewe.

"Geti la nyuma," mwalimu mkuu akasema polepole, "lilifungwa na bodi."

"Bodi?" mwenyekiti akashangaa. "Sisi tulijua umelifunga wewe, kwa sababu za kitaaluma."

Mlinzi akaitwa. Akaja mbio na bunda la funguo kiunoni.

"Nililifunga mimi, mama. Wakati mafundi wanajenga ukuta niliambiwa nifunge mpaka wamalize."

"Si walimaliza?"

"Walimaliza."

"Mbona hukufungua?"

"Hakuna aliyeniambia fungua. Halafu kwa nje wamekaa wazee wanne kutwa nzima, hawaondoki hata mvua ikinyesha. Nikajua na wao wameajiriwa, wanalinda upande ule."

Mwalimu mkuu akauliza, "Ufunguo uko wapi?" Mlinzi akaupapasa, akauinua. Alikuwa anatembea nao miaka miwili.

Mwalimu mkuu akasimama, akazima ile ramani, akampa Mzee Honi mkono, akautikisa mpaka bega likauma. "Asante, mzee wangu. Jumatatu watoto watapita. Umetumalizia kila kitu."

"Kila kitu?" mwenyekiti akauliza kwa sauti nyonge. "Mama, kikishakwisha kila kitu, huyu mkurugenzi ataongoza nini?"

"Hatakuwepo. Nafasi nimeifuta."

"Lakini kiti tumeshanunua!" mwenyekiti akalia. "Kinazunguka!"

Mzee Honi alirudi kijiweni kwa njia ile ile ya nusu saa, jasho, vumbi na herufi tatu begani. Wenzake walimwona kwa mbali wakainuka.

"Umepata?" Mheshimiwa akapaza sauti.

"Wameifuta."

"Wameifuta nini?"

"Kazi yenyewe. Nililitaja geti."

Hamjawahi kusikia kilio cha namna hiyo. Mheshimiwa alivua kofia akaitupa chini, akaiokota, akaitupa tena. "Nilikwambia linanyonyeshwa! Wewe umelinyonga tatizo siku ya arobaini yake! Mzoefu gani wewe? Mzoefu hujibu?"

"Ng'ombe wa maskini hazai," Fundi Soli akasema, akipiga paji la uso. "Wetu alikuwa anazaa, mwenyewe akaenda kumwambia daktari hana mimba! Na benchi, Honi? Benchi ulilifikiria?"

"Sikulifikiria."

"Hakulifikiria! Miaka miwili umelikalia, umelilalia, umekula karanga zangu juu yake, hukulifikiria hata dakika moja!"

Mzee Honi akakaa kwenye kona ya benchi, akaegemea geti, akanyoosha goti bovu. Bi Birika akamsogezea kahawa.

"Kwa hiyo Jumatatu mtoto ataamka saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na mbili na nusu." Safari hii alinong'ona kweli, ikabidi Bi Birika ainame amsikie. Alikuwa anatabasamu peke yake, macho yamelegea. "Jua litakuwa limetoka, mama. Atakunywa uji akiwa anaona bakuli."

Ko, ko, ko. Geti likagonga migongo yao kutoka ndani.

"Shikamooni wazee!" sauti ya mlinzi ikaita. "Naomba msogee, nimeleta mafuta ya kulainishia komeo. Linafunguka kwa kusukuma nje!"

"Huyu hapa!" Mheshimiwa akawaka. "Hata Jumatatu haijafika! Honi, inuka basi, umelitaka mwenyewe, shika upande huo tubebe!"

Honi hakuinuka. Kichwa kilikuwa kimeangukia begani, kwenye herufi za rangi, mdomo wazi, na mkoromo unaotoka ulikuwa wa gari la mikate linalopanda mlima na mzigo kamili.

"Amelala?" Fundi Soli akauliza. "Sisi tunahamishwa, yeye amelala?"

"Miaka miwili anaamka saa tisa na nusu," Bi Birika akasema. "Nyinyi mlidhani mtoto anajiamsha mwenyewe?"

Fundi Soli akamtazama Honi, akavua aproni, akaikunja na kumwekea chini ya kichwa. Halafu akashika mwisho mmoja wa benchi, akamkonyeza Mheshimiwa ashike wa pili. Wakalinyanyua na mtu wake juu, miguu inatetemeka, mishipa imewatoka shingoni, wakavuka nalo njia hatua kwa hatua hadi upande wa jua, huku nyuma yao geti likisaga kutu na kufunguka.

"Umeharibu kila kitu wewe mzee," Mheshimiwa akawa anamlaumu njia nzima, kwa sauti ya chini kabisa.

"Punguza," Fundi Soli akamkemea, jasho likimchuruzika puani. "Punguza bwana, utamwamsha."